Baba yuko sebuleni, akili iko kwenye viza

Majirani wa Kisauni huhesabu siku za baharini tu. Wanajua bwana yule hufanya kazi miezi minane kwenye meli ya watalii, akisafisha vyumba vya abiria, kisha hupumzika nyumbani miezi miwili. Akionekana amerudi, humwambia mkewe, "Haya, sasa umepumua." Mkewe hucheka tu. Likizo ya mwisho ilianza Desemba na ilitakiwa kuisha Februari. Mwezi wa Mei mumewe alikuwa bado yumo sebuleni, simu mkononi, na kwa mkewe miezi hiyo ilikuwa migumu kuliko ile minane ya kulala peke yake.

Baharia wa aina hii akiwa likizo, kwa kawaida hana mshahara. Kila wiki inayoongezeka hutoka kwenye karo, kodi na unga. Na kinachoongeza wiki hizo mara nyingi ni karatasi.

Ili apandie meli kwenye bandari ya Marekani anahitaji viza ya mabaharia, ile ya C1/D. Kuna fomu ndefu ya kujaza kwenye intaneti, picha, na mahojiano Nairobi. Kuna barua ya kampuni inayotaja jina la meli, bandari na tarehe ya kuripoti. Kuna cheti cha daktari kinachodumu miaka miwili, na vyeti vya usalama, vya kuzima moto na kujiokoa majini, ambavyo huhuishwa kila baada ya miaka mitano. Kila karatasi ina siku yake ya kufa, na hazikubaliani kufa pamoja.

Barua ya kwanza ya wakala ilikuja na tarehe iliyokwisha kupita. Ya pili ilikuwa sawa, lakini siku ya mahojiano ilipatikana mbali. Akapanda treni mara mbili, Miritini hadi Nairobi na kurudi. Viza ilipotoka, meli ilikuwa imeondoka. Meli nyingi za kitalii hukaa Karibiani wakati wa baridi ya Ulaya, kisha Aprili huvuka Atlantiki kwenda Bahari ya Mediterania. Sasa aliambiwa aripoti Barcelona, na viza ya Marekani haifungui mlango wa Uhispania. Ikabidi aombe ya Schengen, na foleni ikaanza upya.

Hapo ndipo watoto walipoanza kuumia. Wa kwanza ana miaka tisa, mdogo ana minne. Mara ya kwanza waliambiwa, "Baba anaondoka Jumatatu." Bibi yao akaja na sufuria ya pilau, dua ikasomwa, sanduku likasimamishwa mlangoni, mdogo akalia hadi akalala. Jumatatu baba akawa bado yupo. Wiki tatu baadaye ikawa hivyo hivyo: pilau, dua, machozi, na baba asubuhi yake akinywa chai. Mara ya tatu yule mkubwa hakutoka chumbani. Akasema kwa ndani, "Akienda kweli mtaniambia." Mdogo, ambaye alikuwa ameacha kukojoa kitandani zaidi ya mwaka mzima, akaanza tena.

Kwa mtoto mdogo kurudi nyuma namna hii ni jambo linalojulikana, hasa mambo ya nyumbani yanapoyumba. Si ukaidi, na fimbo haimsaidii. Nesi wa kliniki alimwambia mama vivyo hivyo, akamshauri abadilishe shuka bila maneno na amrudishie mtoto kitu kimoja kisichobadilika kila siku. Mama akamgeukia mumewe: "Baba watoto, tangu leo hakuna kutaja tarehe humu ndani mpaka tikiti iwe mkononi." Ikawa sheria ya nyumba. Kila jioni baba alimwogesha mdogo yeye mwenyewe, simu ikiachwa juu ya friji. Shuka zikaanza kukauka kabla hata ya viza kutoka.

Pesa nazo zilikuwa na kisa chao. Wakala alidai ada ya viza ya kwanza, na mama akaikopa kwenye chama. Ya pili ilipodaiwa, alikaa akasoma. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unaruhusu baharia ajilipie cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Akamwandikia wakala hayo kwa adabu. Wakala alinyamaza siku tatu, kisha akajibu kwamba kampuni italipa. Wakala huyo huyo alikuwa ameshasema kadi ya chanjo ya homa ya manjano imeisha muda kwa kuwa imepita miaka kumi. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Hakuchomwa sindano nyingine.

Aliondoka mwishoni mwa Mei, siku ya Alhamisi. Watoto waliambiwa Jumatano usiku, tikiti ikiwa mezani.

Maisha ya melini hayana mengi ya kusimulia, ingawa picha za mtandaoni hudanganya. Ni kazi ya saa kumi hivi kwa siku, siku saba kwa wiki, shuka na taulo asubuhi, kisha vyumba vile vile tena jioni. Chumba chake kiko chini, hakina dirisha, na analala kitanda cha juu. Julai aliharisha, akatengwa na kazi mpaka dalili zilipotulia, maana virusi vya noro vikiingia melini huenea upesi. Mkewe alijua baada ya siku mbili. Mkubwa aliuliza kwa nini baba hakujipaka ile dawa ya mikono tu, akaelezwa kwamba virusi hivyo vinataka sabuni na maji yanayotiririka.

Kuhamishiwa Ulaya kumewaletea jambo ambalo hawakulitarajia. Akiwa Karibiani, mapumziko yake ya mchana yaliangukia saa nne usiku Mombasa, watoto wamelala. Sasa tofauti ni saa moja tu. Saa kumi alasiri mkubwa anarudi shule, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na baba anamsikiliza jedwali la kuzidisha akiwa kitandani kwake. Mara nyingine kengele ya mazoezi ya dharura humkatiza kwenye saba mara nane, naye hukimbia na jaketi la kuokolea maisha huku simu ikiwa bado hewani, mdogo akishangilia.

Novemba meli itarudi Karibiani na saa zitavurugika tena. Mama ameshaona jambo jingine: cheti cha daktari kinaisha Februari. Amekiandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu. Mumewe atakapotua Januari, atapelekwa kwa daktari kwanza. Bibi na pilau yake watasubiri.