Daftari la Mkahawa wa Shimoni

Anayetoka Mombasa kwenda Shimoni huvuka feri ya Likoni, akaifuata barabara ya Lungalunga kupitia Ukunda, Gazi na Msambweni. Akishapita Ramisi na mashamba yake ya miwa, hufika njia panda ya Kanana, na hapo huiacha barabara kuu akashika njia ya kushoto iendayo baharini. Safari yote ni yapata kilomita 75. Mji wenyewe ni mdogo: msikiti, maduka machache, diko la wavuvi, gati, na yale mapango yaliyoupa mji jina lake, ambayo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Ng'ambo ya mkondo kipo kisiwa cha Wasini, na mbele yake ni hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako wageni hupelekwa kwa mashua kutazama pomboo na matumbawe.

Nilikwenda huko mwishoni mwa Mfungo Tano, katika likizo ya Agosti, pamoja na binti zangu wawili. Watoto walitaka pomboo. Mimi nilikuwa na deni.

Miezi miwili kabla ya hapo nilipokea ujumbe katika kundi la akina mama kwenye simu. Ulikuwa na picha ya sahani ya pweza, na chini yake maneno machache: mkahawa mpya wa Shimoni unauza mpira, asiende mtu. Mimi sikuwa nimefika Shimoni kwa miaka mingi, wala sikumjua mwenye mkahawa. Nilicheka, nikabonyeza, nikaupeleka ujumbe ule katika makundi mengine mawili. Haikunichukua hata nusu dakika. Wiki chache baadaye, katika harusi ya jamaa zetu Msambweni, niliketi ubavuni mwa mwanamke mmoja aliyenieleza kwa huzuni kuwa wifi yake amefungua hoteli ya samaki Shimoni, na kwamba wateja wamekatika kwa ajili ya picha moja iliyozunguka kwenye simu. Tangu hapo chakula cha harusi kilinishinda.

Mkahawa wenyewe uko hatua chache kutoka dikoni. Umeezekwa makuti, sakafu ni ya saruji, na meza zake ni sita. Upande wa nyuma umetengwa kwa pazia, ukatandikwa mikeka na mito, ili akina mama wapate kula kwa stara wakiwa na watoto wao. Pembeni pana mahali pa kutilia udhu, na mkeka wa kuswalia umekunjwa juu ya rafu. Mambo haya madogo ndiyo ambayo sisi tunaosafiri na watoto huyatafuta tusiyapate, tukaishia kula garini.

Mwenyewe aliniomba nisimtaje jina, nami nimemkubalia. Ni mwanamke wa makamo, mama wa watoto wanne, na kwa miaka mingi alikuwa mama karanga, yaani katika wale wanawake wa pwani wanaonunua samaki dikoni, wakamkaanga kwa mafuta na kumuuza kando ya njia jioni. Kazi hiyo watu huiona nyepesi kwa kuwa huiona imekwisha kufanywa. Mama karanga hufika dikoni mapema, lakini hachagui. Samaki wakubwa, nguru na kolekole na kamba, huenda kwa tajiri, kwa sababu tajiri ndiye mwenye chombo na nyavu, na ndiye aliyemkopesha mvuvi wakati wa shida. Mvuvi mwenye deni hana uhuru wa kumuuzia mwingine. Kinachobaki, changu wadogo na tafi na vijisamaki vya mchanganyiko, ndicho cha mama karanga.

Mume wa mama huyu ni mvuvi katika chombo cha tajiri. Kwa hivyo samaki aliyevuliwa na mumewe mwenyewe, akimtaka kwa mkahawa wake, hana budi kumnunua kwa tajiri kwa bei ya tajiri. Aliponieleza hayo nilidhani anatania. Hakuwa akitania.

Alifungua mkahawa katika mwezi wa Shaaban. Alikuwa ameuza bangili zake za harusi akanunua friza, akalipa leseni ya biashara na vyeti vya afya vya wapishi, akawaajiri wanawake wawili wa mtaani. Kaskazi ilikuwa bado inavuma, bahari imetulia, samaki ni wengi na bei ni nafuu. Wageni waliokuwa wakirudi kutoka Kisite walipita mbele ya mlango wake wakinusa harufu ya samaki wa kupaka, wakaingia. Kwa furaha yake alimwita fundi akaandika orodha ya vyakula na bei zake ukutani kwa rangi ya mafuta.

Kisha ikaandama Ramadhani, na mchana akafunga. Usiku watu hufuturu majumbani mwao, na haki yao. Ilipokwisha Idd, ikaja masika, na nyuma yake kusi. Kila anayeishi pwani anajua maana ya kusi kwa mvuvi: bahari huchafuka, vyombo vidogo hushinda ufuoni, na samaki huadimika. Bei ya dikoni ikapanda wiki baada ya wiki, na bei ya ukutani ikabaki ileile, imeandikwa kwa rangi isiyofutika. Mteja akisoma ukuta akaambiwa bei nyingine, humwona mwenye duka kuwa ni laghai. Mama akaona haya kumwambia mtu bei mpya, akauza kwa hasara mwezi mzima. Stima nayo ilikatika mara kwa mara, na barafu ya kuokoa samaki ilibidi iletwe kwa pikipiki.

Karibu na sinki la kunawia limening'inizwa daftari la shule, limefungwa kamba pamoja na kalamu. Hilo ni wazo la kitinda mimba wake wa kike, aliye darasa la saba: kila aliyekula na aandike aliloliona. Binti yangu mdogo alilichukua akawa anatusomea. Kurasa za kwanza zilikuwa za sifa, nyingi zikiwa za majirani. Kisha yakaja maneno mengine. Mmoja aliandika kuwa samaki ni mtamu ila amengoja muda wa saa moja na nusu, na watoto wamelala mezani. Mwingine alilalamika kuwa wali ulikuwa na mawe. Mwingine aliuliza kwa nini ukuta unasema hivi na mhudumu anasema vile. Palikuwa na mzee aliyeandika kwa hati nzuri ya zamani kwamba maji ya kunawa yawekwe na sabuni, na chini yake ameomba dua ya baraka.

Mbele ya kila lawama mama alikuwa ametia alama kwa kalamu ya risasi. Mchele sasa huchaguliwa mara mbili. Sabuni imewekwa. Ukuta umepakwa chokaa, na badala yake umetundikwa ubao wa chaki unaoandikwa kila siku baada ya samaki kufika. Wapishi wamenunuliwa seredani ya pili, na mteja huambiwa mapema kuwa samaki hupikwa baada ya kuagizwa, kwa hivyo atangoja.

"Na mwenye pweza aliandika wapi?" nikamwuliza.

"Hakuandika humu," alisema. "Alilipa, akanishukuru, akaenda zake."

Alinieleza habari ya siku ile bila ya kujitetea. Pweza hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa maji hukauka sana asubuhi na miamba ikawa wazi, watu wakaenda kwa miguu na vijiti vyao kumtafuta mashimoni mwake. Katika maji mafu mwamba hauonekani vizuri, na pweza ni wa shida. Siku ile ilikuwa ya maji mafu. Kikundi cha wageni kilisisitiza kula pweza, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado limo ukutani. Mama akanunua kwa mchuuzi pweza aliyekaa, na kwa kuwa wageni walikuwa na haraka, hakupondwa inavyopasa wala hakuchemshwa hadi akalainika. Alitiwa tui akiwa bado mgumu.

"Alikuwa mpira kweli, dadangu," alisema. "Picha ile haikusema uongo. Lakini ningeambiwa, ningemrudishia fedha zake na kumpa sahani nyingine. Sikuambiwa mimi. Waliambiwa watu wote isipokuwa mimi."

Wiki iliyofuata, meza sita zilikaa tupu tangu asubuhi hadi magharibi. Mmoja wa wale wanawake wawili aliowaajiri aliambiwa apumzike kwanza nyumbani. Karo ya muhula ya mtoto wa sekondari ililipwa nusu.

Hapo ndipo niliposema lililonipeleka. Nilimwambia kuwa ujumbe ule ulinifikia, na kwamba mimi ni katika walioupeleka mbele. Alikuwa akifuta meza kwa kitambaa, naye hakuacha kufuta.

"Kwa watu wangapi?" aliuliza.

Nikamwambia makundi mawili, huenda ni watu mia tatu.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Umekuja siku ya bamvua. Kaa ule kwanza, usiseme tena usilolijua."

Tukakaa. Tulingoja dakika hamsini, na katika muda huo nilisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza na pweza akipondwa nyuma ya jiko. Ukaja wali wa nazi, changu wa kupaka, pweza wa tui, achari ya ndimu na juisi ya ukwaju. Pweza alikuwa laini, mwenye kutafunika hata na binti yangu aliyeng'oka jino wiki ile, na tui lake lilikuwa zito bila ya kukatika. Changu alikuwa mzuri upande mmoja, na upande wa pili moto ulikuwa umemzidi. Wali ulipungua chumvi. Nilimwita pembeni nikamwambia yote matatu, la pweza na la changu na la chumvi. Alisikiliza, akaenda kuionja sufuria mwenyewe, akarudi na kusema kuwa nimesema kweli.

Ndugu zangu, tumefundishwa adabu ya jambo hili tangu chuoni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila, akikitamani hukila, asipokitaka hukiacha. Huenda mtu akauliza: je, tunyamaze basi tunapouziwa kibaya? La. Anayeuza chakula amechukua amana, na mnunuzi ana haki ya kupata alicholipia. Kumnasihi muuzaji ni kumtendea wema yeye na watakaokuja baada yetu. Lakini nasaha humwendea mwenye jambo, kwa sauti ya chini, naye akapewa nafasi ya kurekebisha. Na ikiwa anajua kosa na bado anaendelea kuwadhuru watu kwa makusudi, hapo kuwaonya wengine ni wajibu. Kati ya hayo mawili kuna uwanja mpana, na sisi wenye simu mikononi tunauruka kila siku.

La pili linanigusa mimi zaidi kuliko yule aliyepiga picha. Yeye alikula, na aliyoyasema aliyaonja. Mimi sikuonja kitu. Katika utangulizi wa Sahihi Muslim imepokewa kwamba inatosha kuwa ni uongo kwa mtu kusimulia kila alisikialo. Niliisoma hadithi hiyo nikiwa msichana, nikidhani inawahusu wapiga soga wa barazani. Haikunijia akilini kuwa itakuja kunihusu mimi, nikiwa nimeketi jikoni kwangu, sijatamka hata neno.

Kabla ya kuondoka niliandika katika daftari: muda tuliongoja, chakula tulichokula, ubaya wa upande mmoja wa changu, na uzuri wa pweza. Kisha, nikiwa palepale mkekani, niliandika maneno hayohayo katika yale makundi mawili, nikaongeza kuwa ujumbe wa awali niliupeleka bila ya kufika, na kwamba nimekosa. Wachache walijibu. Wengi hawakujibu kitu. Habari njema haina mbio kama ya mbaya, na mimi sina namna ya kuwafikia wale waliopelekewa na waliopelekewa na mimi. Deni hilo sijalimaliza, na mama nilimwambia hivyo.

Hakunifariji. Alinambia tu kuwa kusi ikiisha na kaskazi ikirudi, In shaa Allah, samaki watashuka bei na wageni wa Kisite watakuwa wengi. Kazi ni kuufikisha mkahawa hadi wakati huo. Ana hesabu ya fedha za wiki sita, zaidi ya hapo hana.

Basi msomaji, ukijaaliwa kwenda kusini na familia yako, ukapita Kanana, geuka kushoto. Watoto wapeleke kuyaona mapango na kuzungumza na wavuvi dikoni. Ukitaka pweza, tazama mwezi kwanza. Na ukimkuta amesahau chumvi, mwambie yeye.

Tulipokuwa tukiingia garini saa ya alasiri, nilimwona akisimama mbele ya ubao na kipande cha chaki. Pweza alikuwa amekwisha, naye alikuwa akilifuta jina lake.