Redio ya Bwenini Ilivyonifuata Hadi Nkunga

KAMA una mshikaji aliyekaa Uingereza zaidi ya miaka 20, jiandae mapema. Akija likizo hataki ufukwe, hataki baa, hataki nyama choma. Anataka kutembea kwa miguu. Tena shamba! Tena bila kwenda popote!

Wa kwetu tunamwita Kengele, maana ndiye aliyekuwa akigonga ile ringi ya gari alfajiri tuamke tukimbie mchakamchaka. Tulimaliza naye kidato cha nne mwaka 1995. Huko aliko, Jumamosi anakutana na Wabongo wawili watatu aliosoma nao, wanavaa buti, wanabeba chai kwenye chupa na kuzunguka vilimani hadi jioni. Picha alizotutumia zilikuwa za kondoo, ukungu na majani mabichi. Sisi tukamwambia, bwana wee, hiyo si Rungwe kabisa hiyo?

Ndipo safari ikazaliwa. Mwenzetu mmoja, tuliyemwita Ndizi kwa sababu kila muhula alikuja shule na mkungu, anaishi kwao Nkunga, wilayani Rungwe, analima chai na parachichi. Akasema njooni, nyumba ipo, mama yupo. Tukawa wanne: Kengele, Ndizi, Profesa ambaye ni mwalimu Mbeya, na mimi.

Msomaji, mimi sikutaka kwenda. Nilitoa sababu tatu, zote za uongo. Ya kweli nitakuambia.

Tulipanda Kosta pale Mbeya, tukapita Uyole, tukapanda Isongole kwenye viazi na baridi yake, tukateremkia upande wa Kiwira. Njia nzima Kengele anahubiri. Eti Uingereza kuna njia za miguu zinazokatiza mashamba ya watu, na sheria inakulinda ukipita. Unafungua geti, unalifunga, ng'ombe anakutazama, unaendelea. Eti mwaka 1932 vijana wa Manchester waliuvamia mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, watano wakaenda jela. Mwaka 1951 milima ile ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo.

"Walifungwa kwa kutembea?" akauliza mama mmoja kiti cha nyuma, ambaye hata hatukujua kama anasikiliza.

"Kwa kutembea, mama."

"Basi waje huku. Kwenye migomba yangu wanapita hata wasionijua."

Kosta nzima ikacheka.

Nkunga tulifika mvua inanyesha. Hilo si jambo la kuandika, maana Tukuyu na viunga vyake ukikuta hakunyeshi ndiyo habari. Mama yake Ndizi alitupokea kwenye baraza. Tukamwamkia shikamoo mmoja mmoja kwa zamu, kama tuko gwaride, naye akatupandisha na kutushusha kwa macho.

"Marahaba wanangu. Mmezeeka!"

Usiku tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage zikalainika, na maziwa ya mgando pembeni. Profesa akaanza yake. Akasema Wanyakyusa zamani hawakupanga vijiji kwa ukoo, walipanga kwa rika. Kijana akifika miaka kama 10 au 11 anatoka kwa baba yake, anakwenda kujenga na wenzake wa umri mmoja, na hapo ndipo wanapokaa hadi uzee. Mama mmoja msomi, Monica Wilson, aliyekaa huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kikatoka mwaka 1951. Raha ile ya kukaa na wenzako, kula pamoja na kupiga soga, wenyeji waliiita ukwangala.

"Ndiyo hii sasa," akasema Kengele huku analamba vidole.

Mama akacheka. Halafu akasema, "Huyu wangu rika lake lilimponza. Mnakumbuka ile redio?"

Tonge likanikwama.

Redio ya kaseti ya kiranja wetu ilipotea bwenini tukiwa kidato cha nne. Ndizi ndiye aliyekuwa na zamu ya usafi siku ile, kwa hiyo Ndizi ndiye mwizi. Alichapwa, akarudishwa nyumbani hadi ailipe, mtihani wa majaribio ukampita. Hayo tuliyajua wote. Nisilolijua ni lile alilosema mama pale, tena bila kinyongo, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani.

"Tulikuwa na mtamba mmoja tu. Baba yake alimswaga mpaka mnadani, akarudi na hela na kamba mkononi. Hakuongea siku mbili."

Redio ile niliichukua mimi. Niliiuza mjini kwa bei ya kutupa, nikanunua viatu na suruali ya kwendea mahafali. Sasa unajua kwa nini sikutaka safari.

Sikulala. Asubuhi tukaenda Ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo la volkano kwenye milima ya Uporoto. Njia inapita msituni, utelezi mtupu, na mwisho unapanda kwa kushika mizizi. Kengele na buti zake za Ulaya alianguka mara nne. Ndizi alikuwa na raba za mpira, hakuteleza hata kidogo. Tulipofika ukingoni ukungu ulifunika kila kitu, ukaja kufunguka ghafla, ziwa likatokea chini kabisa, la kijani, kimya. Wale wawili wakakimbilia kupiga picha. Nikabaki na Ndizi.

Nikamwambia. Sikupamba. Sauti ilikuwa inatoka kama ya mgonjwa.

Alichuma jani akalichanachana. "Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Wiki ileile niliporudi. Ulikuwa na viatu vipya na kwenu hakukuwa na hela."

"Mbona hukunitaja?"

"Nani angeniamini? Nilikuwa mwizi tayari." Akatupa vipande vya jani. "Nilikuchukia kama miaka kumi hivi. Baadaye nikachoka. Lakini ng'ombe hakuwa wangu. Kamwambie mwenyewe."

Kushuka ni kama dakika 90. Kwangu zilikuwa dakika kumi.

Tulimkuta mama jikoni anachambua maharage. Nikapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata mkwe, nikasema yote: redio, viatu, suruali. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Akatoa jiwe moja dogo kwenye ungo, akaliweka pembeni.

"Baba yake hayupo," akasema. "Yeye ndiye wa kuambiwa."

Nikakosa la kujibu. Nje nilimsikia Kengele anaosha buti.

"Mtamba siku hizi huko Mbeya ni shilingi ngapi?"

Nikataja bei.

Akaushika ungo, akapepeta mara mbili, akanitazama usoni.

"Wangu alikuwa na mimba," akasema. "Ongeza."