Bi Harusi, Lijue Sinki Lako



Msimu wa harusi umepamba moto na mimi siku hizi nalala na sindano mkononi. Mabibi harusi wanaokuja kupima nguo huwa na maneno mengi, na mimi nimekuwa kama somo wa pili bila ya kulipwa. Somo mwenyewe ameshawafundisha singo, udi na kutunga asumini. Mama ameshawafundisha pilau na mchuzi wa nazi. Lakini chini ya sinki kuna nini, hapo hakuna aliyewaambia kitu.

Mteja wangu mmoja ana miezi minne tu ndani ya ndoa. Alinieleza sinki lake limeziba siku ya tatu, vyombo anaosha bafuni kwenye beseni, kwa sababu mume yuko Bara kikazi na yeye hawezi kumwingiza fundi ndani akiwa peke yake. Nilimwelewa kabisa. Khalwa si jambo la kuchezea, na majirani nao wana macho. Ila nilimuuliza, umefungua pale chini? Akanitazama kama nimemwambia akafungue injini ya meli.

Mimi nilijifunza kwa kusimama na kutazama. Sinki langu liliziba Ramadhani, saa kumi za jioni, futari jikoni na wageni njiani. Ikabidi kaka yangu aache kazi yake aje akae ndani ndipo fundi aingie. Fundi alipiga magoti, akaweka ndoo, akazungusha vikaza viwili kwa mkono mtupu, akamwaga uji mzito wa machicha na mafuta, akarudisha. Dakika kumi. Akachukua 25,000 yake akaenda zake, na mimi nikabaki nalitazama lile bomba la plastiki. Anayejua kufungua mashine ya cherehani akatoa vumbi chini ya bobini, hili litamshinda nini?

Basi sikiliza. Chini ya sinki bomba limepinda kama herufi U, au lina kikombe kama chupa. Pale pamewekwa makusudi pabaki maji kidogo kila wakati, na maji yale ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande jikoni. Sasa pale panapobaki maji ndipo panapobaki na kila kitu kingine: machicha ya nazi, ukoko wa wali, magamba ya samaki, mafuta. Sisi watu wa nazi tuna shida yetu ya peke yetu. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana kipupwe unaikuta chupa yako imekuwa nyeupe asubuhi. Yakiganda ndani ya bomba, machicha yanashikana nayo kama kitambaa na gundi.

Kabla hujafungua, jaribu ile pampu ya mpira yenye mpini. Acha maji kidogo kwenye sinki yafunike mdomo wa mpira, na kile kitundu cha pembeni cha kuzuia kufurika kizibe kwa kitambaa kibichi. Sinki likiwa la mashimo mawili, ziba na shimo la pili. Wengi husukuma pampu hewa ikapita pembeni, halafu wanasema pampu haifai. Sukuma na kuvuta mara kumi na tano, ishirini, bila ya kuinyanyua.

Ikigoma, weka ndoo, vaa glovu, fungua vikaza kwa mkono. Angalia vile vipete vya mpira vimekaa upande gani, au vipige picha kwa simu, kwa sababu vikirudi kinyume bomba litavuja. Osha kipande chako nje, si kwenye sinki hilohilo (usicheke, yupo niliyemwona). Rudisha, kaza kwa mkono tu, kisha mwaga maji huku umeweka karatasi kavu chini. Ikilowa, kaza kidogo tena.

Magadi soda na siki mnavyotumiana kwenye simu, povu lake linapendeza machoni, lakini viwili hivyo vinauana nguvu vyenyewe kwa vyenyewe. Maji ya moto na sabuni ya vyombo ni bora kwa mafuta, ila yasiwe yanachemka, maana bomba la plastiki hulegea. Dawa kali za kuzibulia mimi sizipendi. Zinaunguza ngozi na macho, na zisipozibua unabaki na sinki limejaa sumu ambayo wewe au fundi mtaitia mkono. Na jiki usiichanganye na siki wala na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo inaweza kukuua.

Waliotumiwa mashine ya kuoshea vyombo na jamaa wa Muscat, na nyinyi hamjasalimika. Mashine ikibakisha maji chini, toa kwanza chujio lake, huwa linazunguka na kutoka, ulisugue kwa mswaki wa zamani. Kama chujio ni safi, tazama sinki, kwa kuwa mara nyingi vinatumia bomba moja, sinki likiziba na mashine haina pa kutemea. Mpira wake wa kutolea maji unyanyuliwe juu, karibu na meza ya sinki, ndipo ushuke kuunganishwa. Ukilala chini, maji machafu ya sinki yanaweza kurudi kwenye sahani zako. Na mashine mpya ambayo haijawahi kutoa maji hata siku moja, angalia pale ilipounganishwa na bomba la sinki. Pengine pana kizibo cha plastiki ndani ambacho aliyeifunga hakukikata.

Ziko siku kazi si yako. Ukisikia sinki linaguguma mtu akioga, au choo na sinki vyote vinasuasua pamoja, tatizo liko nje, kwenye chemba au shimo limejaa. Hapo usisukume pampu. Maji yanayopanda yakiwa yametoka upande wa choo ni najisi, basi vitoe vyombo vyote kwenye sinki, na yaliyoguswa na maji yale yatoharishe kabla ya kupikia. Hiyo ndiyo siku ya kumwita kaka, baba au shemeji pamoja na mkewe, kisha fundi. Na chemba iko wapi uliza siku ya kwanza unayohamia, maana fundi asiyeonyeshwa chemba ataanza kuvunja sakafu.