La Mirada: mahali ambapo mwanafunzi wa uuguzi husoma Homer

Anayetoka katikati ya Los Angeles kwa gari kuelekea kusini-mashariki hupita maghala, vituo vya mafuta na vitongoji vinavyofanana, kisha huingia La Mirada karibu bila kujua kwamba amefika. Ni mji wa watu wasiofika 50,000 katika jimbo la California, Marekani. Disneyland iko jirani, hivyo wageni wengi huupita tu wakiwahi huko na watoto wao. Mwishoni mwa karne ya 19 Andrew McNally, mchapishaji wa ramani kutoka Chicago, alinunua ardhi hapa akapanda mizeituni, michungwa na milimau. Mashamba yale yamekwisha. Kilichobaki ni nyumba za ghorofa moja, bustani ndogo zilizofyekwa vizuri, na chuo kikuu cha Kikristo kiitwacho Biola.

Chuo hicho kilianza mwaka 1908 kama shule ya Biblia katikati ya Los Angeles, na mmoja wa waanzilishi wake, Lyman Stewart, alikuwa tajiri wa mafuta. Mwaka 1959 kilihamia La Mirada. Mgeni akitembea ndani ya kampasi hukutana na picha ya Yesu iliyochorwa na Kent Twitchell mwaka 1990 kwenye ukuta wa jengo, ndefu kupita mlango wa nyumba yoyote, amevaa joho jekundu na ameshika kitabu. Wanafunzi hupita chini yake na mikoba mgongoni bila kuinua macho, kama vile watu wa Moshi wasivyoutazama mlima kila asubuhi.

Ndani ya chuo hiki kuna chuo kingine kidogo, Torrey Honors College. Kilianzishwa mwaka 1996 na John Mark Reynolds, na kimepewa jina la R. A. Torrey, mhubiri aliyesoma Yale na aliyekuwa mkuu wa masomo wa Biola miaka ya mwanzo. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: vijana husoma vitabu vikuu vya zamani, kisha huketi pamoja na kuvijadili. Homer, Plato, Augustino, Dante, Shakespeare, Dostoevsky. Husoma vitabu vyenyewe, si muhtasari wake.

Mzazi yeyote akisikia hivyo atauliza swali lilelile: atakula nini na Homer? Hapa ndipo mpango huu unapotofautiana na vyuo vingine vya aina yake. Katika Thomas Aquinas College, chuo cha Kikatoliki kilichopo Santa Paula katika jimbo hilohilo, wanafunzi wote husoma vitabu vikuu tu, na hakuna anayechagua fani. Torrey haifanyi hivyo. Vitabu huchukua nafasi ya sehemu kubwa ya masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi wa Biola angelazimika kuyasoma, Biblia ikiwamo, lakini fani yake inabaki palepale. Binti anayesomea uuguzi huenda maabara asubuhi, na jioni anahangaika na hasira ya Achilles. Pengine hilo si jambo dogo kwa muuguzi, kwa maana ile hadithi imejaa watu wanaougua, wanaokufa na wanaoomba mwili wa mtoto wao ili wauzike.

Darasani mwalimu hafundishi kwa kusimama mbele ya ubao. Hufungua kwa swali, kisha huwaacha. Swali linaweza kuwa fupi sana: je, Socrates alikosea kukataa kutoroka gerezani? Mjadala huchukua saa nyingi, na wanafunzi huzungumza wao kwa wao huku vitabu viko wazi mbele yao. Mtu akisema jambo, mwenzake humuuliza limeandikwa wapi, na kurasa hufunguliwa. Asiyesoma hujulikana upesi.

Wapo wanaoona hiyo ni raha, na wapo wanaoiona kama adhabu. Kijana aliyezoea kushika namba moja darasani kwa kukariri anaweza kukaa wiki nzima bila kupata la kusema, na hilo likamkosesha usingizi kuliko mtihani wowote. Mzigo wa kusoma ni mkubwa, na mwili una hesabu yake: kijana anayelala saa nne kila usiku hatamwelewa Aristotle hata akimsoma mara tatu. Mzazi aliye mbali afanye vizuri kuuliza kwanza kuhusu usingizi na chakula, ndipo aulize kuhusu alama.

Mwishoni mwa muhula kuna mtihani wa mdomo unaoitwa Don Rag, desturi ambayo Marekani inajulikana zaidi kutoka St. John's College cha Annapolis, kilichoanza kufundisha kwa vitabu vikuu mwaka 1937. Mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya karatasi. Anaulizwa, anajibu, anaulizwa tena kwa nini.

Kuna hofu nyingine ambayo wazazi wa kanisani huisema kwa sauti ya chini. Orodha ina waumini wengi, lakini pia ina watu kama Nietzsche, ambao waliishambulia imani waziwazi. Je, kijana aliyelelewa kwenye Shule ya Jumapili ataweza? Jibu la chuo liko katika mpangilio wenyewe: afadhali akutane na hoja hizo mezani, kukiwa na mwalimu muumini na wenzake, kuliko akutane nazo peke yake usiku kwenye simu. Ni jibu lenye mantiki, ingawa si dhamana. Anayetaka mtoto arudi nyumbani na mawazo yaleyale aliyoondoka nayo asimpeleke mahali pa kusoma vitabu.

Gharama nayo ni ukuta. Ada ya Biola inazidi dola 40,000 kwa mwaka kabla ya chumba na chakula, na kwa hesabu ya haraka hiyo si chini ya shilingi milioni 100 za Tanzania. Misaada ipo, lakini familia nyingi hata za Kimarekani hukopa. Mkopo huo unamfuata kijana miaka mingi baada ya Dante kusahaulika, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuvutiwa na majina makubwa.

Lipo pia suala la nani yumo kwenye orodha na nani hayumo. Afrika imo zaidi ya watu wanavyodhani: Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, na Athanasio alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri. Lakini baada ya hapo vitabu vingi vinahamia Ulaya. Msomaji wa Kiswahili atajiuliza kwa nini Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa kwa ajili ya bintiye, usiwekwe kwenye meza kama hiyo. Una kila kitu cha kuwagombanisha vijana wa miaka 19 kwa jioni nzima: ndoa, utii, dini, mauti, na mama anayejua muda wake unakwisha.

Wala vitabu vyenyewe si mali ya La Mirada. Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa rais wa nchi, na Samuel Mushi akamleta Edipode wa Sophocles. Tafsiri hizo ziliwahi kupatikana shuleni, na leo nyingine zinaokotwa kwa wauza vitabu vya mitumba, kwa bei isiyozidi ya chakula cha mchana.

Mwezi Mei, California ya kusini hupambwa na maua ya mijakaranda, rangi ileile ya zambarau ambayo Arusha na Nairobi huiona kuelekea mwisho wa mwaka. Ni majira ya mitihani Biola. Vijana huketi kwa makundi wakiulizana maswali ambayo hakuna atakayewapa majibu yake, kisha mmoja anatazama saa na kukimbilia zamu yake ya mafunzo hospitalini.