Ukifika Homa Bay, agiza aliya siku moja mbele

UKISIKIA Homa Bay ikitajwa, msomaji mpenzi, bila shaka fikira zako hukimbilia samaki. Huwezi kulaumiwa. Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa ghuba ya Winam, na mgeni ashukapo kituoni harufu ya mbuta na ngege wa kukaanga humpokea kabla hajapata pa kuweka mkoba. Lakini wenyeji wa Homa Bay na jirani zao wa Migori ni watu wa ng'ombe kama walivyo watu wa ziwa, na kipo chakula chao cha nyama ambacho wageni wengi hurudi Nairobi, Nakuru au Mombasa bila hata kukisikia kikitajwa. Chakula hicho ni aliya.

Aliya ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Huchaguliwa mnofu usio na mafuta mengi, ukakatwa vipande virefu na vyembamba kama mikanda, ukapakwa chumvi, kisha ukatundikwa kwenye kamba au ufito juani. Jioni nyama huingizwa ndani isije ikanyeshewa au kuibwa na paka, na asubuhi hutolewa tena. Jua likiwa kali, kazi huisha kwa siku tatu au nne. Katika nyumba zenye jiko la kuni, baadhi ya akina mama huimalizia juu ya meko ili ishike moshi, na hiyo ndiyo mimi naipenda zaidi. Ikiwa tayari huwa nyeusi, ngumu kama ngozi ya kiatu, na ukiikunja hutoa mlio. Usiivunjike moyo kwa sura hiyo.

Uhondo wake huanza chunguni. Mpishi huiosha, huiroweka katika maji ya moto, kisha huichemsha polepole mpaka meno yakubali. Halafu huja sehemu ambayo kila mpishi ana siri yake. Wa mtindo wa zamani huongeza maziwa ya mala au malai na samli ya kienyeji, na kuiacha itokote kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Wa mtindo wa siku hizi huikaanga kwa kitunguu, nyanya na dhania. Yote miwili ni mitamu, lakini nikilazimishwa kuchagua nitachagua maziwa bila kusita. Nyanya huifanya aliya ifanane na mchuzi wowote wa nyama, ilhali maziwa huiacha na ladha yake ya jua na moshi.

Wenyeji wa Mombasa wanaokula papa ng'onda hawatashangazwa na habari hii, wala Wasomali na Waborana waliozoea nyirinyiri. Wahabeshi nao wana kwanta yao, na Waafrika Kusini wana biltong. Kila mahali palipo na ng'ombe, jua na ukosefu wa friji, binadamu amegundua jambo lile lile: nyama isiyo na maji haiozi upesi.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulijue kabla hujafunga safari. Aliya haikuwa chakula cha kila siku. Ilikuwa akiba ya mgeni. Mkwe akibisha hodi bila taarifa, au ndugu wa mbali akiingia saa ya giza, mama wa nyumba hakuhangaika kutafuta kitoweo. Alinyosha mkono darini au kwenye chungu cha akiba, akashusha aliya, akabandika sufuria. Kumnyima mgeni chakula usiku lilikuwa jambo zito katika nchi hii. Ukitaka kujua uzito wake, pitia karibu na Kendu Bay ukalitazame ziwa dogo la Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi na rangi ya kijani. Husimuliwa kwamba pale palikuwa na kijiji kilichokuwa katika sherehe usiku mmoja. Bikizee mgeni akaja kuomba chakula na mahali pa kujihifadhi, watu wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha. Bikizee alimwonya mwanamke huyo aondoke upesi. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Jina lenyewe lina maana ya kijiji kilichozama.

Basi tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Chakula kilichowekwa kwa ajili ya mgeni asiyetoa taarifa, leo hukipati mpaka utoe taarifa. Umeme umefika, friji zimeingia, bucha ziko kila soko, na mwenye hoteli hana sababu ya kulinda nyama juani siku nne ilhali wateja wanadai samaki na chipsi. Akiikausha na isiagizwe, hasara ni yake. Kwa hivyo ukiingia hotelini saa saba mchana na kuuliza, "Mama, aliya iko?" kuna uwezekano mkubwa uambiwe kwa upole kwamba ungetuma neno jana. Huo si ukosefu wa ukarimu. Ni hesabu ya biashara, nayo ni sababu tosha ya wewe kuiagiza. Jina lisilotajwa na mteja hufutwa ubaoni, na likishafutwa mpishi kijana hana pa kujifunzia.

Utaiagizaje? Ukifika mjini Homa Bay jioni, usikimbilie chumbani. Tembea mpaka kwenye vibanda na hoteli ndogo za upande wa soko na kituo cha magari, mahali wanapokula madereva, walimu na karani wa kaunti. Tafuta anayepika mwenyewe. Msalimie kwanza, maana huku swali lisilotanguliwa na salamu huonekana kama amri. Kisha mwambie mko wangapi, mtakula saa ngapi kesho, na kwamba mnataka aliya ya maziwa pamoja na ugali wa mtama. Lipa sehemu ya pesa palepale ili ajue huna mzaha. Akisema hana, mwulize ni nani aliye nayo. Atakuonyesha, kwani wapishi wa mji mdogo wanajuana. Hoteli kubwa za kando ya ziwa nazo zinaweza kukuandalia, hasa mkiwa kikundi, na huko utapata upepo mwanana na watoto watapata pa kuchezea. Lakini nakushauri ulale huko na ule sokoni. Tangu mji huu uandae sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2025, haujawa tena pembe iliyosahaulika, na penye wageni wengi vyakula huanza kufanana.

Usishtuke bei ikiwa juu ya ile ya mchuzi wa kawaida. Piga hesabu. Karibu robo tatu ya mnofu wa ng'ombe ni maji. Ukiyaondoa, kilo tatu au zaidi za nyama mbichi hukupa takriban kilo moja ya aliya. Ongeza siku za kuilinda juani na saa za kuichemsha. Kwa sababu hiyo, sahani ya aliya inayouzwa kwa bei moja na mchuzi wa nyama ni ya kutiliwa shaka. Mara nyingi huwa ni nyama mbichi iliyokaangwa mpaka ikakauka, ikapewa jina la heshima. Utaitambua kwa urahisi: ya uongo ni ngumu nje na laini ndani, au ni ngumu kotekote. Ya kweli hutengana nyuzi nyuzi ukiivuta kwa vidole, na mchuzi wake huwa na rangi ya kahawia iliyokolea hata kama haukutiwa nyanya.

Huko Florence nchini Italia, watalii husafiri mbali kwenda kula kipande kinene cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa, kinachouzwa kwa uzito, kikachomwa kwa muda mfupi juu ya makaa na kuletwa mezani kingali chekundu katikati. Mji huo umejijengea jina kwa nyama inayoiva kwa dakika chache. Yetu huchukua siku nne, na hatujaiandikia hata kibao cha barabarani.

Kwa msafiri asiye na subira ipo athola. Hii ni nyama inayobabuliwa kwanza juu ya makaa au moto wa kuni mpaka ishike moshi na kukauka kidogo, halafu hukatwakatwa na kupikwa sufuriani kwa maji machache, chumvi na pengine nyanya. Ni kama nyama choma iliyojutia ukavu wake ikarudi kwenye mchuzi. Athola haihitaji kuagizwa jana. Ukitoka Kisii kuelekea Homa Bay utapita Rongo, kisha Rodi Kopany, njia panda ambapo barabara nyingine hushika kuelekea Ndhiwa na Karungu. Katika vituo kama hivi, penye bucha na jiko la makaa mlangoni, chagua nyama mwenyewe ikiwa imetundikwa, sema unataka athola, kisha kaa uongee na wenyeji kwa muda wa saa moja hivi. Hakikisha nyama ina muhuri wa mkaguzi. Katika eneo hili, kama kwingine nchini, watu wamewahi kuugua kimeta kwa kula ng'ombe aliyejifia, na kukausha nyama hakuui vimelea vya ugonjwa huo. Mwenye bucha mwaminifu hakasiriki ukiuliza.

Migori ni habari nyingine. Huu ni mji wa barabara kuu iendayo Isebania na kuvuka mpaka hadi Sirari, Tanzania, na msongamano wake wa malori, bodaboda na wachuuzi hautoi nafasi ya kupunga upepo. Wapo Waluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengineo, na vyakula vimechanganyika vivyo hivyo. Pilau utapata, chapati utapata, na aliya utaipata kwa utaratibu ule ule wa kutuma neno mapema. Faida ya Migori ni ugali. Wakuria ni wakulima hodari wa wimbi na ni wafugaji wa kutajika, na aliya iliyoandamana na ugali wa wimbi, mweusi, mzito na wenye uchachu kidogo, ni shibe ya siku nzima. Kando yake omba mboga chungu: osuga, yaani mnavu, au akeyo, yaani mgagani, zilizolazwa na maziwa. Usikubali sukuma wiki. Hiyo utaila Nairobi kuanzia Jumatatu.

Ukiwa Migori tenga siku moja ya kwenda Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji. Ni maboma ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na wataalamu hukadiria kuwa yalijengwa katika karne ya 16. Mwaka wa 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto anayesoma historia atapenda kuona milango ilivyo mifupi, adui akalazimika kuinama aingiapo. Wewe tazama mazizi yaliyo ndani ya kuta. Kuta nyingine zina urefu unaozidi mita nne, na ndani yake watu walilala pamoja na mifugo yao. Ukiona mawe yote yale yakilinda ng'ombe, utaelewa kwa nini mnofu wake haukutupwa wala kuachwa uoze. Bebeni chakula na maji ya kutosha, kwa kuwa hapo si pa kutegemea hoteli.

Na watoto je? Wengi wa wale waliolelewa jijini huikataa aliya kwa macho kabla ya ulimi. Dawa yake ni kuwaacha wanawe maji, wale kwa mkono, na kuwapa kwanza mchuzi wa maziwa na tonge dogo. Usiwahubirie mila mezani. Wakiona wakubwa wanagombea kipande cha mwisho wataomba wenyewe. Wenye meno ya kupukutika, wa miaka sita au saba, wakatiwe vipande vidogo vidogo, la sivyo watatafuna mpaka magharibi.

Safari kutoka Nairobi kupitia Narok, Bomet na Kisii huchukua saa saba au nane kwa basi, kwa hivyo wikendi moja ya kawaida haitoshi. Chagua ile yenye sikukuu ya Ijumaa au Jumatatu. Fika siku ya kwanza jioni, agiza, siku ya pili mchana ule, jioni yake uende Migori ukiwa umekwisha kupiga simu huko pia.

Ukitaka kubeba aliya nyumbani, inunue ikiwa mbichi, yaani kavu ambayo haijapikwa, kutoka kwa yule yule aliyekupikia. Ibonyeze kwa kidole: ikibonyea bado ina maji, na itaota ukungu kabla hujafika Narok. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na kwa aliya hilo ni heri, kwa kuwa ndani ya plastiki hutoa jasho. Ifunge kwa karatasi ya kaki, uiweke juu ya mizigo mingine. Nyumbani itundike jikoni mahali pakavu. Siku utakayotaka kuipika, iroweke tangu usiku, na maji ya kwanza uyamwage kwa sababu ya chumvi.