Kutembea bila kukimbia

Hapa Mabalako ukimwambia mtu "twende tutembee kwa miguu", atakuuliza kwanza: kuna nini? Wamefika wapi? Tangu mauaji yaanze kuzunguka Beni mwezi wa kumi 2014, na baadaye vijiji vya kwetu navyo vikaguswa, watu wengi wanaijua safari ya miguu kuwa ni godoro kichwani na mtoto mgongoni. Ndiyo maana nataka leo kuandika juu ya matembezi ya aina nyingine.

Kule Ugiriki kuna watu wanalipa pesa ili watembee. Wanashuka bonde la Samaria katika kisiwa cha Krete, kilomita 16, na siku ya kupumzisha miguu wanapelekwa kuona kanisa la kale, soko au mzee anayekamua mafuta ya zeituni. Jioni wanarudi kula. Wakubwa wengine wa hapa watacheka wakisikia hivyo. Lakini mimi najiuliza: sisi tunakosa nini cha kuonyesha?

Mlima tunao. Asubuhi baada ya mvua, ukiwa Beni, Ruwenzori inaonekana upande wa mashariki, na mara chache theluji yake pia. Kilele cha Margherita kina metro 5.109, cha tatu kwa urefu Afrika. Zamani sana, Ptolemaio aliyeandika kwa Kigiriki kule Aleksandria alitaja Milima ya Mwezi ambako maji ya Nili yanatoka, na wengi wanaamini ndiyo hii yetu. Njia ya kupanda kutoka upande wa Kongo inaanzia Mutsora, karibu na Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoundwa 1925. Nilifika Mutwanga wakati barabara ilikuwa bado inapitika bila wasiwasi. Sikupanda kilele, nilitembea tu kando ya mto wenye maji baridi yanayotoka juu. Hata leo nakumbuka ubaridi ule kwenye miguu.

Tuna pia Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata mfupa mdogo wa karibu sentimita kumi, wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Una miaka kama 20.000. Wataalamu wengine wanasema ni hesabu, wengine wanabisha. Mfupa wenyewe uko Bruxelles. Mwanafunzi wa Mangina anaweza kumaliza shule bila kuuona, na bila kufika hata mahali ulipotoka.

Hapo ndipo roho inaniuma. Mwezi uliopita, baada ya kuuliza chifu na vijana wa ulinzi kama njia ni salama, tulitoka na watoto kumi na wawili wa mtaani kwetu, karibu na Mangina tu. Niliwauliza nani anafahamu Beni. Ni kilomita kama 30 kutoka hapa. Karibu wote walinyoosha mkono. Mvulana mmoja akasema: "Ndiko tulikokimbilia." Msichana akaongeza kwamba anafahamu Butembo pia, kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyetaja soko, kanisa kuu, vilima au mtu aliyemtembelea. Nchi yao wanaijua kwa kuhesabu mahali walipolala.

Tulitembea saa mbili kwenye mashamba ya kakao. Mama mmoja alitupokea, tukamsalimia kwa heshima, akawaonyesha jinsi mbegu zinavyotolewa katika tunda, zinavyofunikwa kwa majani ya ndizi siku kadhaa mpaka zichemke zenyewe, halafu zinavyoanikwa juani. Watoto hawa wamezaliwa katikati ya kakao, lakini wengi hawajawahi kuonja chokoleti. Nilikuwa nimebeba kipande kimoja kutoka mjini, tukakigawa kwa kisu. Wengine walikunja uso. Mama alikataa kula, akasema yeye anaijua ikiwa mbegu, inatosha.

Baadaye mzee wa hapo akawaeleza kwa Kinande majina ya miti na njia za zamani ambazo wafanyabiashara walipitia na mizigo. Aliwaonyesha pia upande wa Mangina, akawakumbusha kwamba mwezi wa nane 2018 dunia nzima ililisikia jina hilo kwa ajili ya Ebola. Ugonjwa ule ulichukua watu zaidi ya 2.200 kabla ya kwisha mwezi wa sita 2020. Mtoto akauliza kama dunia inajua kitu kingine juu yetu. Mzee akajibu: "Muanze ninyi kujua."

Sisemi vita imekwisha. Njia nyingi hazipitiki, na mzazi asipeleke mtoto mahali ambapo hajauliza habari. Lakini likizo kubwa inakaribia. Walimu na wazazi, chagueni shamba moja, mzee mmoja, kilima kimoja kilicho salama. Mtoto abebe maji na muhogo wa kuchemsha. Atoke asubuhi bila mzigo wa nyumba, na jioni arudi kulala pale alipoamkia.