Kuiuliza Pikipiki Kuukuu

Mashine kuukuu haisemi uongo. Husema kwa ishara, na asiyejua ishara zake huiona korofi. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni hata Kariobangi, pikipiki ni jembe la vijana wengi. Pikipiki ikilala, chungu nacho hulala. Kwa hiyo, msomaji, nataka tutazame pamoja kiungo chake kimoja kidogo kisumbuacho wengi, nacho ni kabureta.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kiasi. Petroli ikizidi, moshi mweusi hutoka na plagi hujaa masizi. Hewa ikizidi, injini hupata joto mno na plagi huwa nyeupe. Mji wetu uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pikipiki iliyorekebishwa pwani huweza kuzidiwa na petroli ifikapo huku, ingawa haina kilichovunjika.

Jirani yangu, mchukuzi wa abiria, alikuwa na pikipiki iliyozima kila baada ya mwendo mfupi. Fundi mmoja alimshauri anunue kabureta mpya, ambayo bei yake ingemeza mapato ya siku nyingi. Asubuhi moja, kabla ya kuiwasha, tuliketi kando yake tukaanza kuiuliza, maswali rahisi kwanza. Je, petroli imo? Imo. Koki imefunguliwa? Imefunguliwa. Maji yametuama katika bakuli la kabureta? Tulilegeza skrubu ya chini, ikatoka petroli safi. Akaiendesha mpaka ikazima, kisha tukafungua kifuniko cha tangi. Hewa iliingia kwa mlio, na baada ya kitambo injini ikawaka. Kitundu cha kupitishia hewa katika kifuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi! Tulikizibua bila gharama.

Hata ikibidi kufungua kabureta, usichokoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu lake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na likipanuka halirudi. Lioshe kwa petroli, ulipulize kwa hewa.

Liko swali moja lisilofaa kuahirishwa: je, mkono wa mafuta ukiuzungusha na kuuachia, hurudi wenyewe? Kisha, injini ikinguruma pole mahali iliposimama, geuza usukani kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta unavutwa. Waya ukikwama katika Barabara ya Jogoo, kati ya magari na watoto waendao shule, hasara haitakuwa ya fedha tu. Hapo shika klachi, zima injini, funga breki.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Uliza kwa utaratibu, badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usinunue kipya kabla ya kujua cha zamani kina kosa gani.